Dawa Haionekani Katika Maziwa

Ng'ombe akiugua kiwele, bwana mifugo humpa dawa ya kuua vijidudu, kama vile penisilini. Humpiga sindano, au huingiza dawa kwenye chuchu. Ng'ombe hupona, lakini dawa hufika pia katika maziwa.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mtu anasema, "Nitayachemsha." Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi penisilini. Mwingine anakamua zile chuchu tatu nzima tu. Hilo nalo halisaidii. Dawa huingia katika damu, ikafika katika chuchu zote.

Je, kuna hatari gani? Mtu ambaye mwili wake unakataa penisilini anaweza kuwashwa na kuvimba. Tena vijidudu vikionja dawa kidogo kidogo huizoea. Siku mtoto akiugua, dawa ile huenda isimsaidie. Hata mtindi hugoma kuganda!

Kipimo cha kimataifa kinasema lita 1 ya maziwa isizidi maikrogramu 4 za penisilini. Ni kidogo mno. Gramu 1, kama robo ya kijiko cha chai, ikigawanywa hivyo inaenea lita 250,000. Ulimi hauwezi kuigundua.

Basi maabara huipataje? Fikiri ng'ombe aliyekanyaga tope. Akiondoka, umbo la kwato linabaki. Wataalamu hutengeneza chembe za plastiki kuizunguka dawa, kisha huiosha dawa itoke. Hubaki vishimo vidogo sana vyenye umbo la dawa ileile. Chembe hizo hujazwa katika kibomba. Maziwa yakiisha kuondolewa mafuta, hupitishwa humo. Maji na sukari ya maziwa hupita, dawa hunasa vishimoni. Halafu huoshwa kwa kimiminika kingine, ikapimwa kwa mashine.

Mashine hiyo ni ghali, haiko kijijini kwetu. Kwa hiyo kazi inaanza zizini. Mwulize bwana mifugo muda wa kusubiri, au usome mwenyewe kwenye karatasi ya dawa. Hesabu tangu dozi ya mwisho. Maziwa ya muda huo mwaga shimoni. Inauma, najua. Lakini lita 5 zako zikiingia katika tanki la kituo, maziwa ya jirani zako wote yanaweza kukataliwa.

Hesabu ya leo: Ng'ombe alipewa dozi ya mwisho Jumatatu saa 12 asubuhi. Karatasi inasema asubiriwe saa 72. Je, maziwa ya Jumatano jioni yapelekwe kituoni?