Baba kanipa milioni 20, sijalala

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31, mume na mtoto mmoja. Baba amestaafu. Mwezi uliopita kaniita, kaniwekea shilingi milioni 20 benki, kasema, "Fanya la maana." Nina mkopo wa benki, umebaki milioni 5. Mume anataka tununue Noah ya abiria. Dalali kashatuonyesha kiwanja. Ndugu zangu wawili hawajui. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

Mwanangu,

Noah na kiwanja visubiri. Kwanza rudi kwa baba na swali moja: yeye kabakiza nini? Mstaafu akishashika mkupuo huwa mkarimu kuliko mfuko wake. Nimeona wazee waliogawa kila kitu, presha ilipopanda wakaanza kuwaomba nauli ya hospitali watoto wale wale. Kama mzee hana akiba ya matibabu, tenga milioni kadhaa kwa ajili yake na usiziguse.

La pili ni gumu zaidi: ndugu zako. Leo unaiita zawadi. Siku ya kikao cha ukoo, baada ya arobaini, itaitwa fungu ulilokwisha chukua. Mwombe baba awaambie mwenyewe, kisha aandike karatasi: tarehe, kiasi, na kama ni zawadi au ni sehemu ya urithi. Aweke sahihi mbele ya mashahidi. Ukificha, wewe ndiye utakayeonekana mwizi.

Mkopo umalize. Omba benki ikupe kwa maandishi kiasi cha kuufunga, ulipe, halafu chungulia hati yako ya mshahara mwezi unaofuata. Mimi niliwahi kukatwa miezi mitatu baada ya kumaliza deni, na kurudishiwa hela yangu kulinichakaza viatu.

Noah, hapana. Mkwe wangu anisamehe, lakini wewe uko darasani tangu asubuhi. Nani atamfuatilia dereva? Wiki ya kwanza hesabu italetwa kamili. Wiki ya tatu utasikia tairi, trafiki, abiria hakuna.

Kiwanja ni wazo zuri likienda polepole. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi, ujue mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani. Dalali akikwambia kuna mtu analipa kesho, mwache alipe.

Hela itakayobaki wakati unatafuta isikae tu kwenye simu, ambako kila mwenye shida atainusa. Hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu huanzia shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila miezi sita. Ila zipo za hadi miaka 25, kwa hiyo hela ya kiwanja usiifungie huko. Chagua za muda mfupi.

Jumamosi hii nenda kwa baba, peke yako, kabla hujapokea tena simu ya dalali.