SOMO: HISA ZA KUKUA NA ZIADA YA CHAMA

Mfugaji wa Tlawi anunuapo mtamba hahesabu maziwa ya leo. Huuliza mama yake alikamwa kiasi gani, kisha hutazama malisho. Hisa ya kukua huchaguliwa vivyo hivyo. Gawio lake la sasa laweza kuwa dogo, kwa kuwa kampuni hubakiza sehemu kubwa ya faida ili ijipanue. Basi Kamati isome hesabu za miaka mitano: je, faida kwa kila hisa yaongezeka, au ni jina tu livumalo?

Kungoja nako kuna gharama. Hisa za Benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2019 bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ilishuka chini ya hapo. Mwaka 2024 ilipita 500. Chama ambacho kingetia humo fedha ya mbegu kingelazimika kuuza kwa hasara katika mwaka ule mbaya. Fedha ya pembejeo, na ile ya kuwalipa wakulima, isipelekwe kwenye hisa kabisa. Itengwe ziada tu, kwa idhini ya Mkutano Mkuu, nayo igawanywe katika kampuni kadhaa. Maana zipo hisa ambazo mnunuzi wake hapatikani upesi.