Jina Langu Nani?



Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilijitolea kwenye shirika moja linalohudumia wazee. Kila Jumamosi tulipeleka unga, sukari na sabuni. Mimi nilishika daftari: naweka tiki, twende nyumba nyingine. Siku moja bibi mmoja akanishika mkono. "Mjukuu wangu, huu mwezi wa tatu unakuja hapa. Jina langu nani?" Nikaangalia daftari. Jamani, ile aibu!

Jumamosi iliyofuata nilikaa naye. Ndipo nikajua kwamba miguu ilimzuia kwenda Misa, na kukosa Komunyo kulimuuma kuliko njaa. Tukamwambia katekista, na Padre akaanza kumpelekea Ekaristi nyumbani. Hitaji hilo halikuwemo kwenye daftari langu.

Mwenyeheri Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 tu, huko Paris, alipoanzisha na wenzake Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1833. Sista Rosalie Rendu aliwaongoza kuwatembelea maskini majumbani mwao. Hawakuishia kugawa vitu. Waliingia ndani, wakasikiliza.

Somo nililopata ni hili: msaada bila kumjua mtu ni mzigo uliofikishwa tu.

Wiki hii soma Mathayo 25:31-46, kisha jiulize: ni nani ninayemsaidia lakini simjui hata jina?

Ee Yesu, nifundishe kukaa na ndugu zangu. Amina.