Kishikwambi Darasani: Nani Mwenye Dhamana?

Katika chama chetu tumeshindana sana kuhusu misamiati: tarakilishi au kompyuta, rununu au simu, nywila au neno la siri. Ni vizuri. Leo lakini naomba tutazame matumizi yenyewe, hasa kwa wadogo zetu wa shule za msingi huku Kitui na Makueni.

Kishikwambi si kitu kigeni kwao. Serikali ilianza kuvisambaza mwaka 2016 kwa ajili ya darasa la kwanza, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vikafika katika shule za umma zaidi ya 20,000 kote nchini. Shule zilipata pia tarakilishi za walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhia masomo. Hapo kwenye mtambo ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtambo ule hupeleka masomo hadi kwenye vishikwambi bila waya, hapo hapo shuleni. Mtoto anaweza kufanya hesabu na kusikiliza hadithi bila kuingia katika intaneti hata kidogo. Basi mzazi akisema, "Hizo mashine zitaniharibia mtoto," aelezwe kwanza tofauti hiyo.

Ziko shule ambazo vifaa hivyo vilifungiwa stoo kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo naielewa, maana kikiibwa kimoja, mwalimu mkuu ndiye huulizwa. Lakini jamani, kufungia si kufunza! Mtoto yule yule akifika nyumbani hupewa simu ya mama atazame video atakazo, na huko hakuna mtambo wa masomo wala mwalimu. Wahenga walinena kuwa mtoto akililia wembe mpe. Kwa hili mimi siungani nao. Apewe, ndiyo, ila mkubwa akiwa ameketi kando yake.

Linalonikera zaidi ni picha. Tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini mwaka 2019, wazazi wengi huombwa wampige mtoto picha akifagia au akipanda mboga, kisha waitume kwa mwalimu. Nyingi huishia katika kundi la WhatsApp lenye watu hamsini, sitini, na si wote wanaojuana. Uso wa mtoto uko pale, jina liko chini yake, na sare inataja shule. Atakaye ataihifadhi na kuituma kwingine, na hakuna atakayejua. Mgeni akishajua shule, njia ya kwenda nyumbani ataikosaje?

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie kabla taarifa za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 shule moja huko Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Pesa hizo ni madawati mangapi, msomaji? Piga hesabu mwenyewe.

Sasa, idhini yenyewe huombwa vipi? Mara nyingi kwa fomu ya Kiingereza. Huku kwetu watoto wengi hulelewa na susu, wazazi wakiwa kazini Nairobi au Mombasa. Susu hutia dole gumba kwa sababu mjukuu amemwambia ni karatasi ya shule. Hapo ameridhia nini hasa?

Pendekezo langu kwa chama ni kwamba muhula ujao tuziandike fomu hizo kwa Kiswahili na Kikamba, walimu wetu wazipitie, kisha tuzipeleke shule za jirani. Nimeanza hivi, nanyi mrekebishe: "Tunaomba kumpiga mtoto wako picha darasani. Itaonwa na mwalimu wake peke yake. Ukikataa, mtoto hatanyimwa somo wala kuulizwa kitu. Ukikubali leo na kesho ubadili nia, njoo utuambie, nasi tutaifuta."