Je, Askari Asiye na Dini Aheshimiwe?

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa letu huwakumbuka mashujaa waliokufa vitani. Mkuki na ngao huwekwa penye mnara, mashada ya maua huwekwa, na viongozi wa dini huomba. Hapo Mkristo mwenye nia njema aweza kuuliza: Je, heshima hiyo yamstahili pia askari ambaye hakuamini Mungu? Nasi tusalio, twaweza kumwombea mtu ambaye mwenyewe hakusali? Yafaa tujibu wazi, maana katika nchi yetu jibu baya la swali la namna hii limekwisha kuleta dhuluma kubwa.

Kwanza tutenganishe maneno. Tusemapo "asiye na dini" twachanganya watu wawili. Mmoja ni mkana Mungu, yaani mtu aliyefikiri akasema kwamba Mungu hayupo. Wa pili ni yule afuataye mila za wazee wake. Huyu si mkana Mungu hata kidogo. Mdigo na Mzigua walimtaja Mulungu kabla ya kumwona padre yeyote, nao walitambika makaburini kwa uchaji. Lakini karani wa serikali, asipoona msalaba wala tasbihi, aliandika "mpagani" akafunga daftari.

Pili, tutazame yaliyotendeka. Tarehe 2 Novemba 1914, siku ile ile Kanisa liwakumbukapo Marehemu Wote, meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga. Askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Uhindi, waliteremshwa karibu na Ras Kasone. Mbele yao walikuwa watu wapatao 1,000 wa Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika. Katika majeshi hayo walikuwamo Wahindu, Waislamu, Masingasinga, Wakristo na wafuasi wa mila. Risasi haikuuliza dini ya mtu, wala nyuki waliotimuliwa vichakani hawakubagua. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wameshindwa, wakiacha nyuma maiti nyingi.

Walakini mauaji makubwa ya vita vile hayakuwa ya risasi. Yalikuwa ya wapagazi, waliochukuliwa vijijini, wengi kwa kushurutishwa, wabebe vyakula na risasi mahali pasipo njia. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Hesabu itajwayo mara nyingi, kwa upande wa Waingereza peke yake, ni watu wapatao 95,000. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Je, walizikwaje? Wazungu waliokufa walipewa mawe yenye majina. Kwa Waafrika ilijengwa minara michache ya wote kwa jumla, kama ile sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, isiyo na jina la mtu hata mmoja. Maofisa wa tume ya makaburi waliandika kwamba wenyeji hawana desturi ya kujali makaburi ya wafu wao. Barua za tume hiyo zaeleza pia kwamba Gavana Horace Byatt aliona heri makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri na kuomba radhi: wafu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ati watu wa huku hawajali makaburi! Anayesema hivyo na aende Tongoni, kilometa 17 kusini mwa Tanga, kwenye njia ya Pangani. Jina lenyewe lataja matongo, yaani mahame. Pale, kando ya msikiti uliobomoka, yasimama makaburi yapatayo 40 ya mawe ya matumbawe. Mengine yalikuwa na nguzo ndefu zilizopambwa kwa bakuli za kigeni, nayo yalijengwa karne nyingi kabla ya gavana yeyote. Mawe yale ni ya Waislamu, nayo yatufundisha sote: mwanadamu hazikwi kama mnyama.

Tatu, tusikie Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, wafundisha kwamba watu wote wana heshima moja, kwa kuwa wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Wakataa ukana Mungu waziwazi, lakini wakiri kwamba pengine waamini wenyewe wameufanya ukue kwa mwenendo wao mbaya. Tena wataka waaminio na wasioamini washirikiane kuujenga ulimwengu. Askari atumikiaye nchi yake kwa haki wamwita mtumishi wa usalama wa watu. Hausemi kwamba sharti kwanza awe na cheti cha ubatizo.

Basi tutofautishe heshima na sala. Heshima ni deni la haki: mtu ametoa uhai wake, au amenyang'anywa, nasi twamdai Muumba wake shahada gani zaidi? Sala ni zawadi ya upendo. Mazishi ya Kanisa yana sheria zake, lakini hakuna akatazwaye kumwombea marehemu yeyote nyumbani mwake, maana imani ya mtu aijuaye kamili ni Mungu peke yake.

Lakini tusivuke mpaka. Wengine hupenda kusema kwamba penye risasi kila mtu husali. Maneno hayo yaonekana ya kidini, lakini humnyang'anya marehemu ukweli wake. Wapo walioanza kusali vitani. Wapo pia walioacha kusali kwa sababu ya mambo waliyoyaona huko. Tusimsingizie toba asiyeweza kutujibu, wala tusisimike msalaba juu ya kaburi la mtu aliyeukataa. Tumpe jina lake, tumwache Mungu amhukumu kwa huruma yake.

Ninyi wazazi, waulizeni wazee wenu: katika ukoo wetu, ni nani aliyechukuliwa vita vya Mjarumani asirudi? Ni nani aliyekwenda Burma, au Uganda mwaka 1979? Liandikeni jina lake katika daftari la nyumbani, hata kama hakuwa Mkristo, hata kama hakuwa na dini yoyote. Na jioni ya tarehe 2 Novemba, mkiisha kuwataja marehemu wenu, ongezeni nia moja kwa ajili ya wale wa mwaka 1914 na miaka iliyofuata, ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Mungu hajawasahau, aibu ni yetu tukiwasahau.