Ufupisho wa Ukanushaji katika Kiingereza: Mtego kwa Sikio la Mswahili

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, msimamizi wa mtihani alitutangazia hivi: “You can't use a pencil.” Mimi nilisikia can. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili kwa penseli nilipotanabahi kosa langu. Makala haya yananuia kueleza chanzo cha kosa hilo, ambalo naamini si langu pekee.

Katika Kiswahili, kikanushi aghalabu hutangulia kitenzi: siendi, hatuendi. Aidha, katika wakati uliopo, vitenzi vyenye asili ya Kibantu hubadilisha kiishio -a kuwa -i. Msikilizaji hupata ishara mbili, na ya kwanza humfikia mapema.

Katika Kiingereza, not hufuata kitenzi kisaidizi. Katika mazungumzo ya kila siku hufupishwa na kuambatishwa: is not huwa isn't, do not huwa don't. Ritifaa huonyesha mahali irabu ilipodondoshwa. Yapo maumbo yasiyofuata utaratibu huu. Won't ilitokana na woll, umbo la kale la will. Nayo am not haina ufupisho wa n't katika Kiingereza Sanifu, hivyo husemwa I'm not.

Tatizo letu ni kwamba silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Sikio letu halijazoea kutafuta maana katika konsonanti ya mwisho. Isitoshe, Waingereza wenyewe mara nyingi huimeza t hiyo. Basi, ndugu msomaji, sikiliza irabu. Katika sentensi yakinishi kama I can go, irabu ya can hufifia. Katika I can't go, hutamkwa kikamilifu na kwa mkazo.

Tusidhani kwamba ufupisho ni uzembe wa Waingereza. Hata sisi husema huanguki badala ya *hauanguki tunapomkanushia mtu wa nafsi ya pili, ilhali mti hauanguki hubaki kamili. Kila lugha ina kanuni zake za kufupisha.

Kwa kuhitimisha, maumbo mafupi yanafaa mazungumzo na barua za kirafiki. Katika insha rasmi, na hasa katika maagizo ya mtihani au ya dawa, tutumie cannot na do not. Anayeagiza akitamka neno zima, anayesikia hatapotea.