Seva haijibu: ya kuuliza kabla ya kulipa mara ya pili

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika kanda. Seva zilizoko Ulaya hazikuzimika kwa ajili hiyo. Kilichokatika ni njia ya kuzifikia. Mfanyabiashara aliyekuwa akitazama ukurasa usiofunguka hakuweza kuiona tofauti hiyo, ingawa ndiyo yenye kuamua afanye nini na fedha zake.

Siku hizi uchunguzi wa namna hiyo unaweza kukabidhiwa wakala wa akili mnemba. Huyu si wakala wa kibanda cha kutolea fedha. Ni programu inayopewa kazi kwa maneno ya kawaida, kisha ikachagua zana na kuzitumia yenyewe. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, iliyowapa watengenezaji utaratibu mmoja wa kuunganisha zana na mawakala hao.

Zana za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Programu ya ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, hutuma ujumbe mdogo na kusubiri mwangwi wake. Kwenye mashine za Linux huendelea kutuma mpaka mtu aisimamishe. Wakala asiyejua hilo atakaa akisubiri bila mwisho. Ndiyo maana zana aliyotengenezewa yeye huwekewa kikomo cha majaribio na cha muda, nayo humrudishia majibu yaliyopangwa: jina limepatikana au la, mlango umefunguka au la, milisekunde ngapi, kosa la aina gani.

Hiyo aina ya kosa ndiyo yenye faida. Jina la seva lisipopatikana, safari haijaanza hata kidogo. Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa takriban saa 6 kwa sababu, baada ya kosa katika matengenezo, hata seva za kutafsiri majina yake hazikufikika. Jina likipatikana lakini mlango namba 443, unaotumika kwa kurasa salama, ukakataa, basi kwa kawaida mashine ipo na huduma ndiyo haijawashwa. Ukimya mtupu ni jambo jingine: huenda njia imekatika, au ukuta wa ulinzi unatupa ujumbe bila kujibu. Hali kadhalika, seva inayojibu 503 imefikiwa vizuri ila huduma yake haipatikani kwa wakati huo. Na wasimamizi wengi huzuia ping makusudi, kwa hiyo mwangwi kukosekana si ushahidi kwamba seva imekufa.

Milisekunde nazo zina habari yake. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Mwekezaji anayeambiwa kuwa seva ya Frankfurt inajibu Dar es Salaam kwa milisekunde 5 ajue anajibiwa na nakala iliyo karibu.

Swali linalosahauliwa ni hili: wakala anapima akiwa wapi? Zana nyingi hufanya kazi kwenye kompyuta za mbali. Wakala aliyeko Ulaya siku ile ya Mei angeweza kusema seva ni nzima, na angekuwa mkweli, huku duka la Kariakoo likiwa halipati kitu. Kipimo kimoja kifanyike kupitia laini ya duka lenyewe, kingine kutoka nje, ndipo majibu yalinganishwe.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye madaraka anayopewa. Muda ukiisha baada ya malipo kutumwa, haina maana kwamba fedha hazikwenda. Huenda agizo lilifika, ila jibu likapotea njiani. Wakala mwenye zana ya kupima pamoja na ya kulipa, akiambiwa tu "hakikisha malipo yamefika", anaweza kulipa mara mbili. Apewe za kutazama pekee. Malipo yenyewe yahakikiwe kwa namba ya kumbukumbu kwenye taarifa ya benki, na kama yatarudiwa, mtu ndiye atoe idhini.

Aidha, zana isiachwe ipime anwani yoyote itakayotajwa, maana inaweza kugeuzwa kuwa ya kupeleleza kompyuta za ndani ya ofisi. Orodha fupi inatosha: benki, mtandao wa malipo, dalali wa hisa, na seva ya hesabu za duka.